Tunahesabu Mpaka Sita

"Uondoe huo wimbo. Leo hii. Sijali unauondoaje, wewe uondoe."

Mjomba hakujibu. Asingeweza. Mdomoni alikuwa na misumari kama ishirini, ile midogo ya makochi, na mtu mwenye misumari mdomoni hajibizani na dada yake.

"Mm," alisema.

"Usiniambie mm! Hiyo mm ungewaambia hawa watoto walipokuja kukudanganya eti upige hiyo... inaitwaje?"

"Panki, Mama, muziki wa kasi," nikasema.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja. Panki. Mtu mzima, upara wote huo, anapiga pipa la gundi anasema panki. Na sasa ana albamu! Haya, hongera. Nyimbo kumi na moja, na kati ya zote ukaenda kukosea ule mmoja."

Mjomba akasukuma msumari kwa ulimi mpaka kwenye midomo, akaugusa kwa ile nyundo yake yenye sumaku, ukanata, ta, ukaingia kwenye mbao. Mwingine, ta. Hakuinua kichwa. Kochi lilikuwa la mwalimu mmoja wa jirani, wageni wake wanafika saa kumi, na simu ya Mjomba ilikuwa imeshaita mara nne juu ya meza. Mafundi wengi siku hizi wanatumia bunduki ya pini. Mjomba anasema bunduki ya pini ni ya fundi anayependa kutembelewa na wateja wenye hasira.

Jina la bendi yetu limetoka hapo hapo. Misumari Mdomoni. Watu wanadhani tulikaa tukafikiri sana. Tulimwangalia tu. Ukiwa na misumari mdomoni kuna mambo mawili huwezi kufanya, kuongea na kumeza, na la pili ndilo la hatari. Ndiyo maana albamu mpya inaitwa Hatumezi.

Ngoja niwaambie huyu mtu ni nani, maana Mama akianza kugomba hamalizi haraka, tuna nafasi.

Mjomba alifanya kazi kiwanda cha magodoro miaka kumi na saba. Alikuwa mkata sponji. Unaletewa bonge la sponji refu kama kitanda cha watu wanne, unalisukuma kwenye kisu kinachozunguka, linatoka vipande. Mashine yake ilikuwa namba nne. Zamani kisu kilikuwa na kinga, bati la chuma linalofunika makali. Wakalitoa. Sponji nene zilikuwa zinakwama hapo, hesabu ya siku inashuka, msimamizi anabweka. Basi wakatoa kinga, wakabaki na msimamizi.

Siku moja bonge likateleza. Kidole cha pete, mkono wa kushoto. Mjomba anasema hakusikia maumivu kwanza, alishangaa tu, alidhani kuna mtu kamwaga rangi kwenye sponji yake. Alipotoka hospitali wakamwita ofisini, wakampa barua yenye muhuri ya kumshukuru kwa utumishi wake, na godoro. Ndiyo, godoro. Sita kwa sita, lile la bei ya juu. Akalibeba kichwani, bandeji mkononi, akakatiza mji mzima kwa miguu, na kila kona watu wanampungia: "Hongera bwana, godoro jipya!" Akawa anaitikia, "Asante, asante." Angesema nini?

Hakulilalia hata usiku mmoja. Alifika akachukua kisu cha jikoni akalikata vipande, akaokota mbao za makreti, akatengeneza kochi. Hakuwa amewahi kushika nyundo ya kazi hiyo kabla. Kochi lilitoka limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea, lakini jirani alipoliona akataka kulinunua. Mjomba akamwambia hilo haliuzwi, nakutengenezea lingine. Ndiyo karakana ilivyoanza. Lile la kwanza bado lipo hapa ndani, pale ukutani. Mpiga besi wetu ndipo anapokaa. Anaitwa Kimya, na jina hakulipata bure.

Sisi tulikuja karakana kwa sababu ya sponji. Mimi na Kimya tulikuwa tunapiga magitaa chumbani kwetu mpaka mwenye nyumba akatupa siku mbili. Sasa, karakana ya makochi imejaa sponji kuanzia sakafuni mpaka kwenye bati, ukipiga kelele humo ndani nje hawasikii kitu. Tukamwomba Mjomba tufanyie mazoezi pale jioni. Tulikuwa na mpiga ngoma wakati huo. Alikuwa hodari, ila mazoezi matatu anakuja moja. Siku moja tunamsubiri, tumekasirika, Mjomba akaacha kochi lake, akachukua nyundo mbili, akakaa nyuma ya pipa la gundi.

"Mnataka haraka kiasi gani?" akauliza.

"Haraka sana, Mjomba."

"Kama mteja yuko mlangoni?"

"Kama mteja yuko mlangoni na mke wake."

Akapiga. Mimi nilidondosha gitaa. Yule mtu amepigilia misumari kwa miaka, mkono wake hauchoki, na hakosei, maana akikosea anapiga kidole na hana vya ziada. Siku hizi anapigia fimbo za ngoma, na ya kushoto haimkai vizuri, anaifunga kwa ule uzi mnene wa pembeni ya makochi. Tangu siku hiyo hatujatafuta mpiga ngoma mwingine. Yule wa zamani akitukuta njiani anatuuliza tunaendeleaje, tunamwambia tumepata kijana.

Nyimbo karibu zote nimetunga mimi. Ule wa Namba Nne alitunga Mjomba mwenyewe. Alikuja nao umeandikwa kwa chaki nyuma ya ubao wa kochi, akasema tupige huu, ataimba mwenyewe. Unaanza kwa kuhesabu kama nyimbo zetu zote, moja mbili tatu nne, halafu:

Nne ilinila kidole,
mkanipa godoro nilale.
Silali! Silali! Silali!

Basi. Dakika moja na nusu. Tulirekodi albamu nzima humu humu, simu imening'inizwa kwa kamba katikati ya sponji, nyimbo kumi na moja, dakika ishirini na sita. Tukampelekea jamaa wa kibandani anayewawekea watu nyimbo kwenye simu. Nyimbo zangu watu walisikiliza kwa heshima. Namba Nne ukakimbia peke yake. Ndani ya wiki mbili ukawa umeingia kiwandani, zamu ikitoka utasikia watu wanapiga mguu chini getini, Silali! Silali! Wengine hata hawajui aliyeimba alikuwa mwenzao.

Sasa turudi kwa Mama, maana misumari ilikuwa imepungua.

Na Mama, niseme hili, anafanya kazi kiwanda hicho hicho. Anashona makava ya magodoro, cherehani, tangu mimi sijazaliwa. Siku ile aliomba ruhusa kabla zamu haijaisha, akaja moja kwa moja kutoka kazini, hajapita nyumbani, kilemba kimejaa vumbi jeupe.

"Jana yule wa tai kaniita," akasema. Wa tai ni bwana wa ofisini anayeshughulika na wafanyakazi. "Kaniita mbele ya watu. Huyu muimbaji ni ndugu yako? Nikasema ndiyo, tumbo moja. Akasema njoo uone. Akanipeleka mpaka namba nne. Wameiwekea kinga. Mpya, imepakwa rangi ya njano inang'aa kama ndizi. Wakapiga picha, wameibandika getini. Chini wameandika, Namba nne ni salama, tusisikilize wazushi."

Mjomba akatema misumari iliyobaki kwenye kiganja.

"Wazushi?"

"Ndivyo walivyoandika. Halafu wakauliza wakataji wote, mmoja mmoja, nani amewahi kukatwa na namba nne? Hakuna. Hata mmoja hakuinua mkono."

Mjomba akainua wa kwake, ule wa kushoto. "Na hiki kilikatwa na nini? Mapenzi?"

Kimya akacheka. Mama akamkata jicho, akaacha.

"Sikiliza, mdogo wangu." Akakaa kwenye lile kochi lililoinama, Kimya akasogea. Sauti ikashuka, na Mama akishusha sauti ndipo unapotakiwa kuogopa. "Hawakudanganya. Nne haijamkata mtu. Kwa sababu nne si nne. Mwaka juzi walipaka sakafu upya, wakasogeza mashine zote, wakazipa namba upya kuanzia mlangoni. Ile ya kwako ilisukumwa nyuma kabisa, pale ukutani, gizani. Sasa hivi ni sita. Umeimba mashine ya watu. Mpya, imekuja na kisu chake, haina kosa lolote duniani."

Nje mtu alikuwa anafukuza kuku.

"Nimeisingizia mashine," akasema Mjomba polepole.

"Umeisingizia! Na wao ndiyo raha yao. Wameleta kinga moja tu, wameiweka pale ulipoimba, wamepiga picha. Funika kombe. Nimemuuliza fundi wao, na sita je? Kaniambia, mama, sita hakuna mtu aliyeiimba."

Mimi nikawa nafikiria albamu. Nilikuwa naona aibu, sitaki kudanganya. Unatoa albamu, watu wanapiga mguu chini, halafu wimbo mkubwa kuliko yote una kosa ambalo adui wako amelipaka rangi ya njano. Nilikuwa najitafutia maneno ya kuwaambia watu pale kibandani. Mjomba hakuwa huko. Alikuwa anamwangalia Mama kilemba.

"Dada," akasema. "Hilo vumbi ni la sponji."

Mama akajipangusa haraka.

"Washonaji hawatoki na vumbi la sponji. Washonaji wanatoka na nyuzi. Miaka yote unarudi na nyuzi."

Ndipo na mimi nikaona. Maisha yangu yote nimemtoa mama yangu nyuzi begani. Wiki hizi sijamtoa hata mmoja, na sikujiuliza. Nilikuwa na albamu.

"Tangu lini?" Mjomba akauliza.

"Wiki ya tatu. Wamepunguza cherehani. Wakasema anayetaka kubaki aende kukata."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Sema."

"Sita," akasema Mama. "Niko sita. Umefurahi?"

"Na hukutuambia!"

"Ningewaambia ili iweje? Mnitungie wimbo?" Akasimama tena, moto umerudi. "Ndiyo maana nakwambia uondoe! Kila siku nasukuma sponji kwenye kile kisu, na nyuma yangu vijana wanaimba nne, nne, nne, na wenye mali wanachekelea. Huo wimbo wako unawapa usingizi. Uondoe kabisa, au uweke wa kweli. Lakini huo usiniachie pale."

"Hauondoki, Mama," nikasema. "Uko kwenye simu za watu. Maji yameshamwagika."

"Basi tunamwaga mengine juu yake," akasema Mjomba. Akatupa nyundo ya kazi mezani, akachukua fimbo zake. "Kimya, shika besi. Wewe tundika simu. Tunarekodi upya, sasa hivi."

Simu yake ikaita. Mwalimu. Akaitazama ikaita mpaka ikakata.

Nilidhani ni jambo dogo. Badala ya nne useme sita, umemaliza. Lakini Mjomba hakutaka hivyo. Alitaka wimbo uanze kwa kuhesabu mpaka sita, ili mtu hata akiusikia kwa mbali, hata asiposikia neno lingine, ajue. Na muziki wetu umezoea nne. Ukihesabu nne mwili unajua pa kuruka. Tukajaribu mara ya kwanza, mimi nikaruka kwenye nne kama mbuzi, peke yangu. Mara ya pili Kimya akaruka kwenye tano. Mara ya tatu tuliruka wote, kila mtu na siku yake.

"Haiingii," akasema Kimya. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Itaingia," akasema Mjomba, jasho linamtiririka. "Tena."

Haikuingia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, mtu wa kuondoka. Akatusikiliza mara ya tano. Akapiga ulimi.

"Mnakimbilia wapi? Sita haikimbiliwi. Ukiikimbilia inakuchukua." Akaweka mkoba chini, akachukua rula ya mbao ya kupimia vitambaa, akaanza kugonga meza. "Sukuma, sukuma, shika. Ngoja, ngoja, toa. Sukuma, sukuma, shika. Ngoja, ngoja, toa. Ukitoa mkono kabla ya kungoja mara mbili, huna mkono. Hivyo ndivyo inavyokwenda. Wewe si ulikaa pale miaka kumi na saba, umesahau?"

Mjomba hakuwa amesahau. Nilimwona. Macho yalitulia kama mtu aliyesikia sauti ya mdeni wake chumba cha pili. Mguu wake ukaanza wenyewe kwenye pipa. Dum, dum, ta. Ngoja, ngoja, dum. Zile ngoja mbili alizipiga bila kuzipiga, alinyanyua fimbo tu hewani akaziacha zipite, na mimi nywele zikanisimama. Kimya akaingia na besi chini yake. Tulikuwa tunapiga mashine yenyewe.

"Hapo!" nikapiga kelele. "Mama, hesabu wewe!"

"Mimi?"

"Hesabu wewe, sisi hatuwezi."

Mjomba akasimamisha ngoma. "Hapana. Dada, wataijua sauti yako. Yule wa tai ataijua kabla hajafika kwenye mbili."

Mama akamwangalia. Mwenye kovu usidhani kapoa, ndivyo wanavyosema, lakini wanasahau kuwa anayemfunga mwenye kovu bandeji naye anakumbuka. Ni Mama aliyekuwa anambadilishia bandeji ile, jioni baada ya jioni. Mimi nilikuwa nashika taa.

"Ataijua," akasema. "Kwani unataka nihesabu kwa sauti ya nani?"

"Watakufukuza."

"Wakinifukuza nitakuja hapa na vidole kumi, nikunyooshee hii mishono yako iliyopinda. Nimeiona. Sikutaka kusema mbele ya watoto." Akarekebisha kilemba. "Niongelee wapi? Kwenye hii simu?"

"Hapo hapo, Mama. Karibu kidogo."

Akaikaribia ile simu kama mtu anayetaka kuigombeza. Hakuimba. Alihesabu kama wanavyohesabu watu wazima wakikaribia kukupiga.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano." Akanyamaza, akanyamaza tena. "SITA!"

Tukaingia. Wote, pamoja, mguu mmoja. Mimi na Mjomba tuliimba mpaka makoo yakapasuka, Sita ilinila kidole, bado inakula, Silali, na Mjomba akipiga lile pipa vumbi la sponji linashuka kutoka juu kama unga. Katikati simu yake ikaita tena juu ya meza ya bati, ikawa inatetemeka nrrr nrrr nrrr, na hatukusimama. Imo. Ukisikiliza toleo jipya utaisikia, nrrr, kabla ya Silali ya pili. Mwalimu yumo kwenye albamu na hajui.

Tulipomaliza tulikaa tukasikiliza simu ikirudia. Mama alisikiliza amefunga mikono kifuani.

"Ni makelele," akasema. "Lakini ni ya kweli."

Nikamtumia jamaa wa kibandani pale pale. Nikamwambia atakayeleta simu yenye ule wa zamani ambadilishie bure, amwambie nne ni ya ofisini, sita ni ya kwetu. Akajibu kuwa watu watatu wamesimama pale wanasikiliza na mmoja ni wa zamu ya mchana.

Mjomba alikuwa ameshalipindua kochi la mwalimu, miguu juu. Kitambaa cha chini kilikuwa hakijafungwa. Akachukua ile spika yetu ndogo ya betri, akaitia tumboni mwa kochi katikati ya springi, akaikingia na kipande cha sponji isigonge.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Napeleka kochi la watu. Wageni wake wanakuja saa kumi."

"Na hiyo spika?"

"Kitambaa cha chini nitafungia huko huko. Nitaitoa kabla sijafunga." Akaniangalia. "Niwekee ile mpya. Ijirudie."

Nikaiweka. Tukalinyanyua kochi sisi watatu, tukalipandisha kwenye mkokoteni, akalifunga kwa kamba. Sauti ya Mama ikaanza kutoka tumboni mwa kochi, nzito, imefunikwa kidogo na sponji, lakini unaisikia mpaka ng'ambo ya barabara. Moja. Mbili. Mpita njia mmoja akageuka akatafuta mwanamke anayehesabu.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Saa tisa kiwandani zamu inabadilishana, moja inatoka, moja inaingia, wote getini chini ya ile picha ya njano.

Mjomba akajaza misumari mdomoni, ya kufungia kitambaa, akashika mikono ya mkokoteni.

"Kwa mwalimu ni kushoto," Mama akamwambia.

"Mm," akasema Mjomba, akakata kulia.